Kabla Mbege Haijanywewa

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimepewa mimi! Magreth kaugua koo, sauti imekwisha kabisa, basi Mwalimu Theodory kaniangukia mimi niwe binti kwenye tamthilia ya vijana wa parokia. Nimeisoma yote leo baada ya kuchuma kahawa, vidole bado vinanata.

Aisee, binti huyu! Kamwona kijana kwenye sherehe, mtoto wa maadui wa baba yake. Kesho yake ndoa ya siri. Wiki haijaisha, wote maiti. Hata kuulizana ukoo hakuna! Mimi na Kastori mwaka wa tatu huu, na posa ndiyo kwanza inakuja mwisho wa mwezi. Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyopendana.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Aibu tupu. Kijana wangu ni Godbless — anatafuna karanga mpaka anaitwa jukwaani, halafu anapiga magoti na kuniambia atakufa bila mimi. Nimecheka mpaka machozi.

Mwalimu hakucheka. Kasema natamka "nakupenda" kama msomaji wa matangazo baada ya komunyo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikamjibu, Mwalimu, maneno yenyewe yametiwa chumvi, hakuna mtu anayeongea hivi. Akaniuliza: hakuna, au wewe hujawahi?

Nimemnunia mpaka nyumbani.

Jumapili, 10 Agosti

Mwalimu kanishauri nisimwone Godbless, nimweke mtu wangu pale. Nikajaribu. Nikafumba macho, nikamwita Kastori akilini. Likaja duka lake la pembejeo pale Mjini, mifuko ya mbolea imepangwa vizuri. Ikaja siku ile Mama alipougua, Kastori kakaa naye kwenye foleni hospitali mpaka jioni, yeye mwenyewe hajala kitu. Nikasikia shukrani nyingi moyoni.

Shukrani! Binti yule hashukuru mtu. Anawaka.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo yamenikuta.

Ilikuwa sehemu ya kuagana. Sijui nini kilinipata. Nikasahau karanga, nikasahau baridi, nikasahau hata jina langu. Yale maneno yalitoka yenyewe. Godbless kasahau la kujibu, kabaki ananitazama tu.

Simpendi Godbless. Niandike wazi nisije nikajidanganya. Ni kama kaka yangu, na ana Joyness wake. Niliyekuwa namwambia hayupo, sijui hata sura yake. Lakini kwa zile dakika nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda Kastori.

Basi, nimeandika. Siwezi kufuta.

Jioni Kastori kapiga simu. Umekula? Nimekula. Huko juu baridi? Sana. Jifunike. Haya.

Jumapili, 17 Agosti

Tumeonyesha. Ukumbi wa parokia ulijaa mpaka madirishani. Nilipokufa, kuna mama alipiga ukelele nyuma kule kama kweli kuna msiba.

Kastori alikuja, amekaa na Mama, shati limepigwa pasi. Kaniambia nimecheza vizuri sana. Ila, kasema, huyo binti angesubiri kidogo tu, yote yangekwisha salama. Si ndiyo niliyosema mimi mwenyewe! Maneno yale yale! Nikatamani kumpiga.

Jikoni nikamuuliza Mama: ulimpenda Baba namna ile? Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Kasema alipoposwa aliulizwa mbele ya wazee na pombe yao, akakubali kwa sababu aliona watu wana kiu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Mapenzi yalikuja, Mama? Yalikuja, mwanangu, yamechelewa, lakini yakakaa.

Kisha akasema leo alipokuwa ananitazama pale jukwaani alilia, na hajui alikuwa anamlilia nani.

Alhamisi, 21 Agosti

Shangazi Magdalena kafika kunifundisha. Jumamosi ukoo wa Kastori wataleta mbege. Mimi nitaitwa sebuleni, niulizwe: Digna, pombe hii tuinywe? Nikisema kunyweni, nimekubali. Nikikataa, wanaibeba wanarudi nayo.

Nikamuuliza, umeshawahi kuona iliyorudi?

Kasema, usiniletee tamthilia zako hapa.

Jumamosi, 23 Agosti

Niko chumbani. Nimejifungia.

Wamekuja wengi, wazee wamevaa makoti. Shikamoo kila kona. Mbege iko katikati ya sebule, povu limejaa. Mjomba wake Kastori kasimama, kaniuliza vizuri tu, kwa heshima. Nikafungua mdomo. Neno moja, jamani! Kurasa zote zile nilizisema bila kuangalia kitabu, neno moja likanishinda. Nikasema naombeni nafasi kidogo, nikakimbilia huku.

Shangazi anagonga. Digna, unatuaibisha! Baba nasikia kikohozi chake tu. Kuna mzee anauliza kama binti anaumwa. Mama anawaambia wamwache mtoto apumue.

Sasa Kastori. Kaja mwenyewe mlangoni. Kabisha hodi taratibu, kama anaingia nyumba ya mgonjwa. Kasema: Digna, usijilazimishe. Mimi nitasubiri, hata iwe mwakani.

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Karudi sebuleni. Nasikia anawaomba wazee radhi, anavuta kiti, anakaa. Ni mtu mwema. Mungu wangu, ni mtu mwema, sitapata mwingine kama yeye. Na mimi nimeegemea mlango huu naandika huku nalia, na ninachotamani — nisamehewe — ni arudi aupige teke.