Insha ya Kazi ya Baba

Shuleni, Sengerema
3/3/1996

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Na kifua chako je, kimepoa? Mimi mzima, ila maharage ya hapa yana wadudu kuliko maharage.

Baba, Mwalimu Tereza ametupa insha: "Kazi ya Mzazi Wangu". Itakayoshinda itasomwa Siku ya Wazazi, mzazi mwenyewe akiwepo. Nimekwama hata kuanza. Nifundishe kuipanga, kisha unieleze kazi unayofanya siku hizi, tangu asubuhi mpaka unaporudi.

Mwanao,
Justa

Kiseke, Mwanza
14/3/1996

Mwanangu Justa,

Marahaba. Kifua kimetulia. Mama yako anakusalimu, anasema wadudu ni kitoweo, wewe kula tu.

Sasa sikiliza. Insha haivamiwi kama ugali wa msibani. Soma swali mara mbili. Chukua karatasi ya pembeni, umwage kila linalokujia kichwani, hata upuuzi. Halafu chuja: yanayofanana yaweke pamoja, yasiyohusu yakate bila huruma. Kila hoja na aya yake. Usianze na "kazi ni kitu muhimu sana", hilo hata mbuzi analijua. Na mwisho usirudie uliyokwisha kusema.

Kuhusu mimi: naingia kiwandani saa moja, navaa ovaroli ya bluu, nasimamia mashine kumi na mbili za kufuma khanga. Uzi ukikatika nauunga kabla msimamizi hajageuka. Andika hivyo.

Baba yako

Shuleni
30/3/1996

Baba,

Shikamoo.

Mwalimu Tereza aliusifu mpangilio, kisha akanisimamisha mbele ya darasa. Kumbe kaka yake alikuwa kiwanda hichohicho. Mashine za kufuma zilizimwa mwaka juzi, watu wote wakapunguzwa. Akaniuliza, "Baba yako anafuma khanga na nani, mizimu?" Darasa zima likacheka. Nikasema nimetunga mwenyewe.

Nimepewa mpaka mwisho wa Aprili niandike upya, la sivyo jina langu linakatwa kwenye shindano. Nijibu, Baba.

Mwanao,
Justa

Kiseke
21/4/1996

Mwanangu,

Barua hii nimeichana mara tatu. Hata salamu zinanishinda, ila mama yako hajambo.

Ni kweli. Walitupunguza Novemba 1994. Kila asubuhi natoka na ovaroli iliyopigwa pasi ili majirani wanione, nikifika Pasiansi nabadilisha nguo kichakani. Napanga foleni kwenye geti la kiwanda cha minofu. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunagombea mapanki, vile vichwa na mifupa. Nayakaanga, nayauza. Kwenye ile foleni wote ni akina mama, mwanamume ni mimi peke yangu. Nyumbani anajua mama yako tu.

Loo, mtu mzima mimi! Nimeona aibu mpaka nikambebesha mtoto uongo wangu mbele za watu. Nisamehe, mama. Andika kazi ya mama yako, anayelima. Yeye hana cha kuficha. Siku ya Wazazi usinisubiri.

Baba yako

Shuleni
28/4/1996

Baba yangu,

Shikamoo tena na tena.

Mimi nilijua. Likizo ya Desemba nilikutana sokoni na Mama Chenge wa Buswelu. Alinisimulia mnavyopanga foleni pamoja ya mapanki, na kwamba wenye watoto mgongoni huwa unawapisha. Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe. Uliponitajia mashine kumi na mbili, niliona haya kukukosoa, nikaziandika zote. Nami nisamehe. Ningekuuliza wazi tusingefika hapa.

Nimeandika upya. Mapanki yamo, na foleni imo. Mwalimu Tereza aliisoma mara mbili, kisha akasema ndiyo itakayosomwa. Nimemwambia bila wewe kuwepo siisomi, na mwingine haruhusiwi kuisoma. Siku ya Wazazi ni tarehe 18 Mei.

Mwanao,
Justa

Kiseke
12/5/1996

Justa mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, isipokuwa usingizi umenihama tangu barua yako ifike.

Nitavuka na kivuko cha kwanza. Nitakaa nyuma, karibu na mlango. Ukifika kwenye mapanki usiniangalie, mama. Soma tu, na usome kwa sauti.

Baba yako,
muuza mapanki