Karibu kwa Panya

Mjukuu wangu Paulina,

Hujambo huko Amerika? Huku Endabash tuko salama. Yule ndama wako amekua, sasa anatupatia maziwa.

Umeniuliza kama kwetu kuna upepo wa kuzunguka, unaong'oa nyumba kama huko Oklahoma. Mara nyingi ni kisulisuli cha vumbi tu, kinapita. Lakini nilipokuwa msichana kilikuja kikubwa mno. Nyumba yetu ilikuwa ile ya zamani ya Wairaqw, imechimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo. Jirani yetu Tluway, mwenye paa la bati jipya, alizoea kutuita panya. Siku hiyo bati lake likapeperuka kama jani, akaja mbio na watoto wake sita.

Baba akamwambia, "Karibu kwa panya, jirani!"

Tukacheka humo ndani huku juu kunanguruma. Tulipotoka, sote tulikuwa wazima! Mama alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka.

Sasa unasema king'ora cha kuonya upepo kikilia unaona haya kujibana na majirani kwenye lile shimo la kujificha. Mwanangu, hilo linaninyima usingizi. Ingia wa kwanza, uwakaribishe wenzako. Waambie bibi yako ni panya wa Endabash, na bado yu hai.

Bibi yako