Kambi Yenye Mahema Meupe

Jumatatu, 9 Juni

Uji ukutani tena. Nimefuta, nimemwogesha Mama, nimemvika gauni safi. Akaniuliza mimi ni mfanyakazi wa nani. Nikamwambia wa kwako. Akasema basi nifanye kazi vizuri.

Shule imefungwa. Likizo yangu ndiyo hii.

Desderi kapiga simu nikiwa naanua nguo. Anakuja na mke na watoto. Mara ya mwisho mdogo wangu huyu kufika Misunkumilo, Mama alikuwa bado anapika mwenyewe. Sasa anataka familia nzima tukalale porini karibu na mbuga, tuone viboko, watoto wapajue kwao. Anaita kempingi. Kazi ya kutafuta mahali ni yangu, eti kwa kuwa mimi niko huku huku. Nimemwambia kempingi si neno. Neno ni kambi. Na tenti ni hema. Nafundisha Kiswahili, sitaanza kuharibu lugha kwa ajili ya mtu wa Dar. Akacheka. Nikarudia kwa sauti, kambi bwana, kambi, mpaka Mama akageuka kunitazama.

Nimekubali, lakini si kwa ajili ya viboko. Daktari alisema baada ya kiharusi kile akili ya Mama itazidi kupotea. Majina yanamtoka moja moja. Langu limekwenda tangu Kwaresima. La Desderi bado analitaja akisinzia. Nataka amwone na kumtambua kabla nalo halijaondoka. Nikipata hilo, viboko wabaki na maji yao.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwacha Mama na jirani, mama Shija, nikaenda Sitalike. Kambi ya kwanza iko ukingoni mwa mto. Viboko wamesongamana kwenye tope, harufu inafika kabla hujawaona. Watoto wa Desderi wangefurahi. Lakini choo ni cha kuchuchumaa na Mama hawezi tena kuchuchumaa. Mlinzi ananieleza kwamba usiku viboko hupita katikati ya mahema kwenda kula majani, ila hawana shida na mtu anayejiheshimu. Mama hajiheshimu hata mbele ya padri siku hizi. Nimeshukuru, nimeondoka.

Mbung'o wameniuma shingo nzima. Nilivaa bluu, rangi inayowaita. Mtu mzima na akili zangu, nikavaa bluu.

Alhamisi, 12 Juni

Kabungu. Familia moja ya Wasukuma wanapangisha uwanja chini ya miti, nyuma ya zizi. Watu wema sana. Wamenipa maziwa ya mgando, wameniita shangazi. Ila hema uje nalo mwenyewe, maji ni ya bwawani, na ng'ombe wanapita na nzi wao. Nikamfikiria Irene, wifi yangu, amesimama pale na kucha zile.

Irene mwenyewe katuma ujumbe. Anauliza kama kambi itakuwa na bafu la maji ya moto na mtandao. Kwenda porini kutafuta mtandao! Sijamjibu.

Nilipokuwa naongea na Desderi jioni, nikimweleza habari za kambi hii na kambi ile, Mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakulala mchana. Mama Shija anasema hata chakula hali vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata! Usevya, baada ya kuvuka mbuga. Mzee mmoja wa Kipimbwe, Lubeni, anatunza kambi pembeni ya mashamba ya mpunga. Wamekwisha kuvuna, pako wazi, upepo unapita. Choo cha kukaa. Mahema ni yao, makubwa, meupe, na vitanda ndani. Yamepangwa mstari mmoja ulionyooka. Nilisimama nikayaangalia, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nikahisi kitu kinaweza kwenda sawa.

Nimerudi, nimekaa mbele ya Mama, nimemshika mikono. Nimemweleza polepole kama ninavyoeleza darasa la kwanza. Mama, tunakwenda kambini. Tutalala kwenye mahema. Meupe, yamepangwa mstari.

Akaacha kutafuna. Akauliza, "Wote?"

Nikasema wote.

Akauliza, "Na nyumba abaki nani?"

Maswali mawili ya maana, mfululizo. Nilifurahi mpaka nikampigia Desderi.

Jumapili, 15 Juni

Furaha yangu haina umri mrefu. Mama kakataa kuvua viatu. Kalala navyo. Asubuhi nimekuta kwenye pindo la khanga yake amefunga maharage, chumvi na kiberiti. Nimevitoa. Alasiri vimerudi palepale. Nikamfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi kwa sababu ya chumvi, akajikunja kana kwamba nitampiga.

Sikwenda misa. Ningeomba nini? Kuna saa natamani Mungu amchukue apumzike, nami nipumzike. Nimeandika. Sifuti.

Jumanne, 17 Juni

Sufuria kubwa haionekani. Wala jembe. Nimetafuta nyumba nzima, nikawashuku watoto wa jirani, nikakosana na mtu bure. Kumbe Mama kavizika nyuma ya banda la kuku. Alichimba kwa mikono. Kucha zimevunjika.

Mama Shija alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, huyu mama anahama! Nyie mtabaki!"

Mimi sikucheka. Niliosha mikono ile, kidole kimoja kimoja, nikalia juu yake. Nimechoka. Sina neno lingine, na kutafuta maneno ndiyo kazi yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Wamefika. Desderi kanenepa. Kanunua mavazi ya safari huko Dar, suruali ya kaki yenye mifuko hadi magotini, kofia, miwani myeusi. Nilimtania kwamba simba watampigia saluti.

Mama akampokea kwa mikono miwili, akainama. "Karibu, bwana."

Desderi akasema, "Mama, mimi Desi." Akasema tena. Mama akamwambia akae, chai inakuja. Hakuna aliyekuwa anapika chai. Desderi akaenda nyuma ya gari na kukaa huko muda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na Irene akamwuliza kama ni vumbi.

Irene anaamini sisi ni Waha wa Kasulu. Watoto pia. Ndivyo Desderi alivyowaambia, na mimi kila mara nimenyamaza. Kwamba Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, kwamba sisi tulizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, hayo hayajafika Dar. Kirundi chenyewe Desderi alikiacha stendi ya Mpanda siku aliyopanda basi kwenda sekondari.

"Kule porini atatulia," ananiambia. "Atanikumbuka, dada. Utaona."

Nataka kumwamini.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nimekaa nje ya hema. Jua halijazama. Niandike yote sasa, nikiacha sitaandika tena.

Tulifika mchana. Mama alikuwa mtulivu njia nzima, viatu miguuni, pindo la khanga mkononi. Gari likasimama. Akashuka, akayaona mahema. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Kisha akauachia, akanyoosha gauni lake, akafunga khanga vizuri, akaniuliza kwa Kirundi wanahesabia watu wapi.

Nikaelewa. Yote kwa pamoja. Viatu, chumvi, sufuria ardhini. Mtu anayekimbia huzika sufuria ili akirudi aikute.

Sisi tulikulia kwenye nyumba ya udongo, na mahindi, na kuku. Mahema yalikuwa ya kabla yetu. Mama alitutajia mara moja tu, kwamba walikaa humo mvua zote za kwanza, na kwamba wadogo zake wawili walibaki pale. Aliposema walibaki, nilidhani waliishi. Na kambi hakuwahi kulitamka. Alisema makazi, miaka yote makazi, nami nikadhani ni kwa kuwa serikali iliandika hivyo. Lilikuwa ni neno asilotaka mdomoni mwake. Mimi nikaliingiza nyumbani, nikalirudia wiki mbili, kwa matamshi safi. Kempingi asingelielewa. Kempingi lingempita masikioni kama tangazo la redio.

Nilitaka kusema turudi. Nikamwangalia Desderi anavyowaonyesha watoto mfereji, nikasema ngoja kwanza. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Mama hakukubali kitanda. Alikaa chini nje ya hema la mwisho, sahani mapajani, akisubiri kuitwa kwenye mgao. Nilimpelekea wali. Akakataa, akasema hawajaita jina la baba yake. Nikasimama hatua kadhaa kando, nikaita jina la babu yangu kwa sauti. Akainuka, akapokea, akala wote. Irene alikuwa anapiga picha. Alisema, "Jamani bibi, anachekesha!"

Baada ya kula, Mama akamwendea Desderi. Na suruali yake ya kaki, na kofia yake, na miwani. Alikunja mikono kifuani, akaongea naye kwa Kirundi, sauti ya mtu anayeomba. Nilikuwa nabishana na Irene kuhusu vyandarua, nikamsikia Desderi tu. "Ndiyo, Mama. Sawa. Sawa kabisa." Macho yake yakiwa kwenye simu.

Nilipogeuka Mama hayupo.

Tulimtafuta kwenye choo, kwenye mahema, kwenye mfereji. Mzee Lubeni akachukua panga bila kusema, nikamwuliza kwa nini panga. Akajibu kwamba mchana mchana hivi tembo hushuka kunywa. Desderi akaanza kukimbia ovyo kwenye mabua ya mpunga akiita mama, mama. Mimi nilikaa chini. Nilikumbuka nilichoandika Jumapili ile, nikajua Mungu husoma shajara.

Akarudi mwenyewe. Alitokea upande wa vichaka, mzigo wa kuni kichwani, umefungwa kwa khanga, umenyooka. Miguu yote michubuko. Akampita Lubeni, akanipita mimi, akautua mzigo mbele ya Desderi. Alikuwa amemwomba kibali cha kwenda kuokota kuni. Desderi alikuwa amempa.

Akasimama mbele yake, akamwuliza jambo.

"Amesemaje?" Desderi akaniuliza. Jasho linamtiririka.

"Anauliza lini tutarudi nyumbani."

"Mwambie kesho. Mama, kesho! Asubuhi!"

Nikamwambia kesho. Mama akatabasamu kidogo, tabasamu la heshima, akaniambia mimi, si yeye, kwamba hata wakubwa wa kambi ya kwanza walisema kesho.

Hilo sikulitafsiri.

Jumapili, 22 Juni

Tumerudi. Mama alikunja blanketi kabla hatujaamka, pembe kwa pembe, akamkabidhi Desderi.

Garini Irene akauliza bibi alikuwa anazungumza lugha gani, na kwa nini alikuwa anasubiri kuitwa jina. Watoto nao wakasogea kusikiliza. Nilimwangalia Desderi kwenye kioo. Sema, mdogo wangu. Sema sasa, wasikie kutoka kwako.

"Kiha cha zamani," akasema. "Anachanganya mambo. Ugonjwa."

Nami nilikuwepo. Nami nina mdomo. Tuliwaona viboko Sitalike tukiwa ndani ya gari.

Jumatano, 25 Juni

Waliondoka jana alfajiri. Desderi alipiga magoti mbele ya kiti cha Mama, akavua kofia na miwani, akamtajia jina lake. Mama akampa mikono yote miwili, akamshukuru kwa chakula. Mama Shija alikuwepo, akaangalia pembeni.

Leo kumetulia. Sufuria nimeifukua, nimeisugua kwa majivu. Viatu kavivua mwenyewe. Mchana tulikaa kivulini mwa nyumba tukimenya karanga. Vidole vyake havijasahau karanga, anamenya haraka kuliko mimi.

Bila kuinua kichwa, akaniambia kwamba yule mkubwa wa kambi si mtu mbaya. Alimpa kibali bila kumtukana, na wala hakumnyang'anya kuni. Akamenya nyingine mbili tatu. Akaniuliza kama mama yake yule bwana yuko hai.

Nikamwambia yuko.

"Ana bahati huyo mama," akasema. "Kazaa mtu."

Nikasema ni kweli. Tukamaliza karanga, nikazianika.