Utepe Mwekundu wa Tangi la Chini

Jumatatu, 7 Machi

Maji yametoka alfajiri, baada ya siku nne. Nimejaza mapipa mawili, ndoo zote, madumu manane, sufuria la pilau na birika la kutawadhia. Mkwe wangu bado kalala. Mgongo unaniuma. Lakini chombo kitupu siku ya maji ni ujinga, na mimi si mjinga, hata kama kusoma nimejifunzia ukubwani, darasa la ngumbaru.

Fundi Mashaka kaja tena kupima. Mwanangu Idi anataka tangi la samaki kati ya sebule na chumba cha kulia. Ukuta aliojenga marehemu baba yake umeshavunjwa. Eti kaona Dubai. Tangu ruksa ya kuleta mali kutoka nje, kila safari anarudi na wazimu mpya. Kariakoo nzima tunaoga kwa kopo, samaki wajengewe nyumba ya kioo!

Jumatano, 9 Machi

Mashaka kachora mabomba kwa chaki kwenye sakafu yangu. Nimemwambia utaifuta mwenyewe. Kacheka. "Sawa, mama." Ananiita mama tangu alipokuwa akijifunza ubomba kwa marehemu, akila sahani moja na Idi. Juzijuzi kapunguzwa kazi serikalini. Sasa ana kibanda Ilala.

Kanieleza kama vile nimeuliza. Tangi kubwa linakaa juu ya kabati. Ndani yake bomba limesimama wima, mdomo wake karibu na juu. Maji yakizidi mdomo ule yanashuka yenyewe hadi tangi dogo lililofichwa ndani ya kabati. Huko yanachujwa kwa sponji na kokoto, pampu inayarudisha juu. Maji ni yaleyale. Kijana ana akili.

Ila tangi la chini analiacha nusu tupu! Kabandika utepe mwekundu kwenye kioo. "Mama, maji yasivuke hapa. Umeme ukikatika pampu inasimama, maji kiasi yanashuka kutoka juu. Lazima yakute nafasi." Nikamjibu nachota maji tangu hajazaliwa. Akasema najua, mama, lakini yasivuke.

Kunifundisha mimi maji.

Jumapili, 13 Machi

Linafanya kazi. Samaki wa bluu na wa njano, wa Ziwa Tanganyika. Wazuri. Idi simwambii.

Keshokutwa anakuja Bwana Jayanti, mwenye duka mtaa wa pili, na mkewe. Wanakaa Upanga. Wakiridhika, Mashaka anawajengea tangi kubwa kuliko hili, na ndugu zao wako nyuma yao. Ndiyo kazi ya kumtoa kibandani. Leo kanyoa ndevu.

Jumanne, 15 Machi

Maji yalitoka asubuhi. Nikajaza kila kitu, na bado yanatoka. Nikafungua kabati. Lile tangi nusu tupu, linanitazama. Nikasema, yakikatika wiki nzima samaki watakunywa nini? Nikamimina ndoo tatu. Nikafunga kabati. Mwenyewe nimeridhika.

Saa kumi wageni wakafika. Mashaka na shati la pasi. Sambusa za mkwe wangu. Mama Jayanti akasema hii nzuri kuliko televisheni. Umeme ukakatika. Watu wakacheka, "Haya, kawaida yao!" Ndipo maji yakaanza kutoka chini ya kabati. Kwanza kimya, kama paka. Kisha kwa fujo. Maboksi ya redio za biashara ya Idi yakalowa matako. Viatu vya wageni mlangoni navyo vikalowa.

Nikapiga magoti na tambara. Nikafungua kabati. Utepe mbele ya macho yangu, maji yako juu yake kabisa. Nikaubandua. Mkono wangu ulijua unachofanya.

Mashaka akainama. "Utepe wangu uko wapi? Nani kaongeza maji?" Akanitazama.

Nikasema, "Hakuna aliyegusa."

Idi akawaka. "Redio zangu zinaoga, unaniuliza utepe? Toka!" Mbele ya wageni, mbele ya majirani. Mashaka akachukua viatu vyake mkononi. Hakuvaa.

Jumatano, 16 Machi

Utepe nimeufunga kwenye pindo la kanga. Sijala.

Ijumaa, 18 Machi

Bwana Jayanti kaghairi. Atatafuta fundi mwingine.

Wanawake wa gengeni wamempa jina Mashaka. Fundi Jangwani, kama lile bonde la mafuriko. "Ukimwita, kwanza pandisha vitanda!" Nimecheka nao. Mimi, nimecheka.

Jioni nikamwambia Idi ni mimi niliyejaza. Kajibu, "Mama, yamekwisha hayo. Unataka uchekwe utu uzima huu?" Nilitaka kumzaba kibao. Lakini nani kamlea? Mimi. Kafanana na mimi.

Jumamosi, 19 Machi

Adhuhuri nimesahau rakaa. Nimeanza upya, nimesahau tena.

Mashaka akiwa mdogo alivunja mtungi wangu. Alikuja kusema mwenyewe. Nilimchapa, kisha nikampa chapati. Mimi nani wa kunichapa?

Jumatatu, 21 Machi

Nimekwenda Upanga kwa miguu. Nikasema mlangoni, nisije nikakaribishwa nikanogewa. Nilijaza mimi. Nilikatazwa, nikajaza. Utepe huu hapa, niliubandua mimi. Mama Jayanti kaleta kiti, sikukaa. Mumewe akauliza, "Mama, umetembea mpaka hapa kusema hivyo tu?" Nikamwambia ningetuma nani, huu ni uongo wangu.

Kisha Ilala. Mashaka alikuwa anakata bomba, mafundi wenzake wamemzunguka. Nikarudia yote mbele yao. Msumeno haukusimama. Bomba lilipokatika ndipo akasema, "Nimesikia, Bi Hadija."

Miaka yote hii mama. Leo Bi Hadija. Haki yake.

Jumatano, 23 Machi

Bwana Jayanti kaja, na Mashaka kaitwa. Wanawake wa gengeni nimewaita mwenyewe. Mashaka kapunguza maji ya tangi la chini mpaka pale panapotakiwa, kabandika utepe mpya. Kisha kazima pampu kwa mkono wake.

Maji yakashuka. Huku chini yakapanda, yakapita utepe, yakapanda tena. Roho juu. Yakasimama, yamebakiza vidole viwili kufika ukingoni. Hakuna tone sakafuni.

Bwana Jayanti kamwambia aje Ijumaa na futi yake. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe Fundi Jangwani kakauka!" Nikamwambia Jangwani ni mimi. Kuanzia leo niiteni Bibi Jangwani, na atakayemwita yeye nitampitia gengeni kwake.

Wakacheka wote. Mashaka hakucheka.

Idi kamwomba radhi kwa kunong'ona. Nikamwambia paza sauti, ulipomfukuza hukunong'ona. Akapaza.

Jumanne, 29 Machi

Maji yametoka. Nimejaza mapipa, ndoo, madumu, birika. Nikafungua kabati. Nusu tupu. Ndoo moja ilikuwa mkononi, imejaa. Nimesimama pale kidogo. Nikafunga kabati, nikaenda kumwagilia mchaichai uani.

Mashaka kapita akielekea Upanga, mabomba begani. "Shikamoo, Bi Hadija." Marahaba. Nilimwekea chapati tangu asubuhi. Kachukua moja, kaila kasimama mlangoni. Nimemkaribisha ndani. Kasema anachelewa.

Utepe wa zamani nimeubandika hapa, kwenye ukurasa huu. Haushiki vizuri. Naukandamiza kwa kidole.