Babu Heche na Vidonge Vyekundu

Nyarero, 11 Februari 2024

Kwa mke wangu mdogo Robi,

Salamu zikufikie huko Mugumu, wewe na cherehani yako. Bibi yako hajambo, ng'ombe hawajambo, mahindi yanajitahidi. Mimi nina kifua kikuu.

Naandika kwa sababu nikipiga simu unasikiliza kikohozi badala ya maneno. Barua nampa Wegesa, kondakta wa basi lenu.

Usilie. Nesi Eunice wa zahanati amenipa dawa za miezi sita. Anasema vidonge ndivyo vinavyoua vijidudu, na chakula kizuri kinaupa mwili kinga ya kusaidiana na vidonge. Mayai, maharage, dagaa, mboga, matunda. Hapo kwenye chakula nilisikia vizuri sana. Jogoo wa bibi yako, yule mkorofi, ameshaingia kwenye matibabu.

Sasa sikia balaa. Nilipoanza kumeza tu, nikaenda chooni, mkojo ukatoka mwekundu. Nikajua damu inaniishia. Nikaita ukoo. Nikalala chali, nikatoa wosia mbele ya wazee: maksai wangu wawili wa kulimia nikampa Vincent, mtoto wa marehemu ndugu yangu, kwa sababu yeye alilia kuliko wote. Akawafungua papo hapo, machozi hayajakauka.

Nesi Eunice alipokuja akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, si nilikuambia? Ni rangi ya dawa!" Kweli aliniambia. Wakati huo nilikuwa namuwaza jogoo.

Vincent anasema wosia ni wosia. Namuuliza, marehemu gani anakula mayai?

Basi jirani yangu Simoni kaniletea chupa ya mizizi, chungu kama nyongo. Anasema hiyo inapandisha kinga yenyewe tu, wala haikutii aibu chooni. Nakunywa hiyo, na supu, na nguvu zinarudi. Vidonge nimeviweka juu ya kabati vipumzike.

Ni mimi mumeo,
Babu

---

Mugumu, 19 Februari 2024

Babu, shikamoo.

Shikamoo pia kwa bibi. Mimi mzima, ila niliposoma barua yako nikashona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Mama Zuleha, mwenye duka letu, alicheka habari ya wosia hadi akakaa chini. Alipofika kwenye kabati akaacha kucheka.

Mdogo wake, Faridu, naye aliumwa hivyo. Akapata nafuu, akaacha dawa. Ugonjwa ukarudi ukiwa sugu, akapewa dawa nyingine kali. Amepona, lakini mpaka leo ukimwita lazima umguse bega. Masikio yalikwenda na zile dawa.

Babu, nakuomba. Supu kunywa, mayai kula, madirisha fungua jua liingie. Lakini vidonge vishuke kabatini leo. Hiyo chupa ya Simoni ipeleke kwa Nesi Eunice, aone unachochanganya. Bibi naye akapimwe. Usipomeza, nadai talaka, na nitaidai hadharani.

Mkeo, mjukuu wako,
Robi

---

Mugumu, 24 Machi 2024

Babu, shikamoo.

Mwezi umepita. Wegesa anasema barua alimkabidhi bibi mkononi. Simu ya bibi haipatikani. Utani nimeuweka pembeni, Babu. Nijibu hata kwa matusi.

Mjukuu wako,
Robi

---

Nyarero, 7 Aprili 2024

Robi mjukuu wangu,

Nipo. Bibi yako yupo, amepimwa, hana kitu. Simu yake ilitumbukia kwenye supu yangu.

Barua yako niliipata nikakasirika. Nikasema mtoto wa juzi ananitisha na masikio ya watu. Nilikuwa nimenenepa, nimepata nguvu, nikaamua nipande mlima nikadai maksai wangu kwa Vincent.

Sikufika. Katikati ya mlima kikohozi kilinikamata, nikakaa chini, nikaona damu kwenye kiganja. Hiyo haikuwa rangi ya dawa, Robi. Nilijua. Nikaogopa kama mtoto.

Vincent aliniona kutoka shambani. Alinibeba mgongoni, akafunga mkokoteni, akanipeleka zahanati. Nyarero nzima ilitoka kutazama Heche akivutwa na maksai wake mwenyewe. Simoni akauliza, "Vipi, umewapata?"

Nesi Eunice alinisema mbele ya wagonjwa wote, na chupa ya mizizi akaifungia kabatini kwake. Makohozi yakapelekwa kupimwa Tarime. Siku za kungoja majibu, mayai yote aliyala bibi yako. Bahati, dawa zile zile bado zinaviweza vijidudu. Nimeanza upya, na bibi yako anasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo aone.

Sasa nimeelewa. Kinga ni mbwa wa boma. Akilala njaa habweki, kwa hiyo mlishe. Lakini hata akishiba, usimwachie yeye peke yake wezi wa ng'ombe. Wenye mishale lazima watoke.

Maksai nimemwachia Vincent.

Babu

---

Mugumu, 15 Aprili 2024

Babu, shikamoo.

Nimelia dukani, Mama Zuleha akadhani nimejidunga sindano. Talaka nimeifuta. Meza, Babu.

Robi

---

Nyarero, 13 Oktoba 2024

Kwa mke wangu mdogo,

Sisi wazima, na safari hii neno hilo ni la kweli. Dawa nimemaliza. Makohozi yamepimwa, hayana kitu. Nesi Eunice alinipa mkono, kisha akaniambia nikawaeleze wagonjwa wapya habari ya mkojo, kwa sababu kutoka kwangu hawataisahau.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Tangu nianze kuumwa nilikuwa nalala chumba cha uani, bibi yako chumbani kwetu. Basi nikabeba mto wangu, nikaingia. Nikamkuta ameketi katikati ya kitanda.

"Umepona?"

"Nimepona."

"Hukohoi tena?"

"Sikohoi hata kidogo."

"Basi hata huko uani utalala vizuri."

Robi, panda basi uje unisemee.

Mumeo asiye na pa kulala,
Babu