Mtangazaji Alipolia

Nkuhungu, Dodoma

Shangazi Zipora,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mvua huku bado hatujaiona.

Jana ofisini tulisikiliza mpira redioni. Mtangazaji akagusia kocha aliyewanajisi wasichana wa timu yake, hakumtaja jina, kisha sauti ikamkatika, akalia. Shaibu wa masjala akacheka, "Mwanaume mzima! Tangaza mpira, kaka!" Mama Shamila akamjibu, "Mwache alie, wewe huna binti." Mimi niliinamia mafaili.

Shangazi, kocha huyo ni yule uliyemchinjia kuku aliponirudisha kutoka kambi ya timu, ukanikaripia kwa kutomwamkia.

Nasikia sasa anamtaka mdogo wangu Hilda kwenye timu. Nakuomba usimruhusu. Akija, usichinje kuku. Na Hilda asipomwamkia, usimkaripie.

Mwanao,
Restuta