Mkeka wa Salma

Ijumaa usiku, Bur Dubai, 2006

Bado maneno ya Salma yananizunguka kichwani. Leo baada ya sala baba yake alitupeleka kwenye kijiji cha makumbusho kule kando ya hori la bahari, wanakoonesha watu walivyoishi enzi za Mwingereza.

Palikuwa na bibi mmoja wa Kiarabu, kakaa chini anasuka ukili wa mkeka, watalii wanampiga picha. Mikono ikaniwasha. Nikaketi ubavuni pake, akacheka, akanipa miyaa, tukasuka pamoja.

Salma akashangaa. "Mama, kumbe kazi hii unaijua! Na bibi wa Makunduchi anayesuka mikeka, yeye analipwa na nani?"

Baba yake akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuweza. Mwanangu kazaliwa hapa, hajamwona bibi yake hata mara moja, na anadhani watu husuka ili watazamwe.

Tuliporudi nikampigia mama simu. Akaniambia ukili wa mkeka wa kulalia wa Salma keshaumaliza zamani, ila hajaushona uwe mkeka.

"Sijui karefuka kiasi gani, mwanangu. Nitajie kimo chake."

Salma alikuwa kasimama mbele yangu, ningeweza kumpima kwa kanga yangu. Nikasema, "Usishone, mama. Tutakuja umpime mwenyewe."

Nimeahidi bila kumuuliza Baba Salma, ambaye kila mwaka jibu lake ni inshallah. Ya Rabi, mama ni mtu mzima sasa. Usinifanye muongo kwake.